Jibu Nililompa Daktari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sote wazima, isipokuwa binti yangu, ambaye amelazwa. Mimba ina miezi saba, miguu imevimba, na akilala chali pumzi humkatika. Daktari anasema moyo umechoka.

Jana alituuliza, mimi na mkwe wangu, "Amewahi kutibiwa saratani?" Nilikumbuka tulivyokubaliana mimi nawe kabla ya posa: ugonjwa ule wa usichanani usitajwe, asije akakosa mume. Nikajibu, "Hajawahi." Mkwe wangu akainamisha kichwa.

Usiku mzima sikupata usingizi. Leo nimemfuata daktari ofisini nikaungama.

"Mzee, mkweo alinieleza jana ileile, koridoni," akasema. "Huenda dawa zile za saratani ndizo zilizoudhoofisha moyo. Tumeshabadilisha matibabu."

Nikarudi wodini, nikamwuliza mkwe wangu, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu uchumba, baba. Aliniambia mwenyewe."

"Mbona hukunisahihisha?"

"Mbele ya daktari? Ningekuvunjia heshima."

Binti yangu akacheka mpaka akakohoa. "Baba, wewe tu ndiye uliyekuwa hujui kwamba anajua."

Sielewi nishukuru au nione haya.

Wiki hii wataamua kama mtoto atolewe mapema. Daktari anataka majina ya dawa zile, nami siyakumbuki. Yale makaratasi yake ya hospitali niliyokupa uyafiche, tafadhali yatume yote.

Ni mimi, kaka yako.