Nimefuta Sauti ya Marehemu Yonatani

Mupendwa Shangazi Evas, nakuomba usome hii barua mpaka mwisho mbele ya kunikasirikia. Niko mwanaume wa miaka makumi tatu na mbili, mukimbizi kutoka Fizi, ninakaa Misiera hapa Nakivale, na njo mimi ninachungaka ordinatere, ile kompyuta ya kanisa yetu, iko ya zamani, inatumia Linux, haina vitu vya kubofya, unaandika tu maneno, inashusha nyimbo na filme kwa torrent, na kila kitu inashusha inakipatia namba, na ile namba mimi ninaiandika mu kaye, daftari yangu. Basi juma iliyopita umeme ya sola ilikatika, mashini ikazimika, ikawaka tena, sikujua kama ikiwaka inahesabu upya, nikafungua kaye, nikaona filme ya vita iko namba tatu, nikaandika amri ya kuondoa namba tatu na kufuta kila kitu yake, kumbe siku ile namba tatu ilikuwa nyimbo ya korale, kwaya yetu ya Fizi, Mungu wangu, nyimbo yote ikaenda. Mule ndani mulikuwa sauti ya Yonatani, alikufa mu njia tukikimbia vita, na bibi yake Marie hana hata foto moja, ile sauti njo kitu alibakiaka nayo, na Jumamosi inayokuja tunamaliza kilio, ameshaalika batu mingi, anataka basikie bwana yake akiimba. Elisée, anakaa Ruti kule Mbarara, ule alitutumia zile nyimbo, alifuta zake juu nilimuapia yangu iko kamili. Nilirudisha torrent, ikafika makumi tisa na mbili kwa mia, ikasimama, na wimbo ya Yonatani iko mu zile zinakosa. Bengine bale balichukuaka nyimbo bako Kampala na Arua, lakini nikibauliza batajua ni mimi nilifuta. Marie nilimuambia mashini inagonjwa, ananiletea hata ndizi ya kunitia moyo, ninakula na haya, na juu batu basistuke ninaendelea kushusha filme kama kawaida. Nifanye namna gani?

Léopold, Misiera

Shangazi Evas anajibu:

Bambi, Léopold, pole. Kosa la namba linaweza kumpata yeyote. Nimemuuliza Naboth, fundi wa kompyuta hapa Mbarara, akacheka, akasema yeye mwenyewe aliwahi kufuta picha za harusi ya watu hivyo hivyo. Kwa hilo sikukasirikii.

Nakukasirikia kwa hizo filamu. Wewe mwanaume! Naboth anasema kitu kilichofutwa hubaki kwenye diski mpaka kingine kiandikwe juu yake. Kila filamu unayoshusha ili watu wasishtuke huenda inakanyaga sauti ya Yonatani. Zima hiyo mashine sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma. Hata ile torrent usiijaribu tena humo. Diski itolewe, uilete kwa Naboth. Atajaribu, lakini haahidi.

Halafu hao wa Kampala na Arua. Torrent haina uchawi. Inakupa kile ambacho mtu mwingine anacho, akawasha mashine yake na kukubali kugawa. Watajuaje kwamba wanahitajika, na wewe umekaa kimya unalinda jina lako? Mficha uchi hazai. Wapigie simu leo, uanze na Elisée, kwani huenda anajua nani mwingine anazo, waeleze ulichofanya, waombe wawashe mashine zao mpaka mia kwa mia itimie. Upande wako azima kompyuta nyingine ya kushushia. Ikitimia, nawe iache igawe, usiiondoe kwa uchoyo wa bando.

Na hiyo kaye yako ya namba, ichane. Siku nyingine andika kwanza amri ya kuorodhesha, transmission-remote -l, usome majina yaliyopo saa hiyo hiyo, uondoe bila kufuta. Kufuta utafuta kesho yake, ukishahakikisha.

Lakini kabla ya simu hata moja, nenda kwa Marie. Akija kujua Jumamosi mbele ya wageni wake, utakuwa umemfanyia ubaya ambao hata Naboth hana dawa yake. Usimtume mchungaji akusemee. Usimwambie mashine inaumwa, wala usimwahidi kwamba wimbo utarudi, kwa sababu hujui. Keti chini, mwambie, "Mama Marie, ni mimi nilifuta sauti ya bwana yako." Halafu umwache alie.