Maji Mliyopandisha kwa Punda

Mama yangu, shikamoo.

Baridi ya Mbulu imepungua? Goti lako linaendeleaje, na kifua cha baba kimetulia? Mimi huku Norwei ni mzima. Mchana nasoma, jioni naosha vyombo mgahawani. Ila leo naandika nikiwa na hasira, unisamehe.

Dada amenisimulia kwenye simu mambo ya mkutano wa kijiji. Kwamba ulisimama ukasema bomba letu halijawahi kutoa maji, na mpambe wa mheshimiwa mbunge akakujibu huku anacheka, "Huo ni ukweli wako, mama. Sisi tuna wetu, na video tunayo." Yaani! Mama yangu anajibiwa hivyo mbele za watu!

Hiyo video ya uzinduzi nimeiona. Maji yanatiririka, mheshimiwa ananawa, mnapiga vigelegele. Hawakuwaonyesha ninyi akina mama mkipanda na punda na madumu kutoka mtoni asubuhi ile, mkijaza tangi la bomba ili mgeni asiaibike kwetu. Ndivyo tulivyo, mgeni hatumwachi aaibike. Sasa heshima yenu wameigeuza ushahidi. Mheshimiwa anagombea tena, anajisifu mradi umekamilika, na fundi haji. Na wewe na goti hilo bado unateremka mtoni!

Mama, huku darasani tunasoma wanafalsafa waliosema hakuna ukweli mmoja, kila mtu anaona kutokea pale aliposimama. Nilivyoelewa mimi, walitaka wanyonge nao wasikilizwe. Kumbe wakubwa wamelidaka neno hilo, wanawanyamazishia wanyonge haohao! Nilimuuliza mwalimu wangu, "Na bomba kavu je?" Akasema ni swali zuri. Swali zuri! Nilitoka nje, nikatembea kwenye theluji mpaka nikatulia.

Dada anasema kwenye mkutano wa Jumamosi watu wa mheshimiwa wanataka useme tu, "Yale yalikuwa maoni yangu," yaishe. Usikubali, mama, nakuomba. Ukisema hivyo hakuna fundi atakayekuja, na mtoni utateremka mpaka uzeeni.

Nisalimie baba, dada na wanawe, shangazi wa Nambis, na jirani aliyetoa punda wake. Na yule mpambe pia nisalimie. Mpe ndoo tupu, mwambie aende bombani na ukweli wake, akaijaze. Wewe kaa hapo umsubiri.

Mwanao,
Paskali