Kizibo cha Mashua

Shemeji yangu,

Huku hatujambo, ila trela ya mashua inanitoa jasho. Taa zimeungua tena. Jumamosi niliivuta mashua mwenyewe kwa gari hadi ziwani, nikarudi kinyumenyume vizuri tu, nikaishusha. Ikaanza kujaa maji. Mlinzi wa pale ufukweni akapiga kelele, "Mama, kizibo!" Kumbe tundu la nyuma lilikuwa wazi. Tukaivuta, nikarudi nayo nyumbani.

Nimepekua gari na makabati yote. Unamjua kaka yako, tukitoka majini alikuwa akikitia kizibo mfukoni mwa shati ili kisipotee. Leo nikiwa napiga pasi ndipo nikakumbuka: shati alilovaa mara ya mwisho ziwani ni lile la mistari, ulilolichagua tumzike nalo.

Usijali, lilimpendeza. Dukani vizibo vipo tele. Sijaenda.

Ni mimi,
mke wa kaka yako