Miguu ya Baridi Kiwandani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nyegezi tu wazima, na babu yako amepona kikohozi.

Umeuliza nilijifunzaje Kiingereza. Nilisoma habari katika magazeti ya Kiingereza yaliyofungiwa vitumbua. Misemo migumu nilimuuliza jirani yetu mwalimu.

Viwanda vya samaki vilipoanza, nilikata minofu ya sangara. Siku moja mnunuzi Mzungu akasema kwa Kiingereza kwamba wenzake kwao wamepata miguu ya baridi. Msimamizi akaagiza mabuti!

“Bosi, si miguu,” nikasema. “Wameingiwa na woga, wanataka kughairi ununuzi.” Msemo huo niliusoma kwenye habari ya kampuni iliyoghairi kununua hoteli.

Nikamuuliza mnunuzi wanaogopa nini, akataja uchafu. Msimamizi akamtembeza aone usafi wetu, naye akasaini mkataba. Jumatatu nikaingia ofisini kuwa mkalimani, wenzangu wakinipigia vigelegele.

Bibi yako,
Kabula