Mkono wa Tindall

Jumatatu, 1 Mei 1871
Tindall kaja tena! Eti kumpitia mume wangu waende Bungeni pamoja. Tangu chokaa imchome macho, Ambrose alikuwa akishikwa mkono na mbunge yeyote aliye karibu. Sasa ni Tindall tu. Kulikoni? Anacheka kabla mzaha haujaisha. Simwamini.

Jumatano, 3 Mei
Bibi Hester Tuck katoka Wickmoor, jimboni kwa Ambrose, na bata bukini, kamchinja mwenyewe. Jumatatu ni kura. Muswada ukipita, malisho ya kijiji chao yatazungushiwa ua, yawe ya mwenye jumba kubwa. Bibi hatakuwa na pa kulishia bukini wala pa kuokota kuni. Ambrose kawaahidi kuupinga, chama chake kikasirike kisikasirike. Bibi kamshika mashavu mbele yangu: "Wenye macho wote wametuuza, mwanangu. Tumebaki na wewe." Ambrose kageuza uso. Machozi, nadhani.

Ijumaa, 5 Mei
Nimewafumania Tindall na Ambrose chumba cha vitabu. Walikuwa wakizungumzia uvuvi, anasema Ambrose. Uvuvi, mlango umefungwa! Mpishi naye kasikia kwa dada yake, mtumishi wa waziri mmoja, kwamba serikali inatafuta mtu wa kumpa uwaziri wa Posta. Hiyo ndiyo bei ya Tindall. Kikulacho ki nguoni mwako! Bungeni kura yako ni mlango unaoupitia: atamvuta mume wangu hadi mlango usio wake, na kura ikishahesabiwa, imehesabiwa. Nimemwonya Ambrose. Akanibusu mkono. "Honor, mke wangu, mle ndani nina miaka sita. Hakuna wa kunipoteza."

Jumatatu, 8 Mei
Naandika kwa penseli nyuma ya wavu, roshani ya wanawake Bungeni. Kengele imelia. Wa Hapana, wanaoupinga muswada, wanatoka kwa mlango wa mbali. Wa Ndiyo wanapita nyuma ya kiti cha Spika, chini yetu hapa.
Ambrose kasimama. Tindall kamshika mkono — nilijua!
Tindall anageukia mlango wa mbali. Wa mbali! Nimemsingizia mtu bure, Mungu anisamehe.
La. Wamesimama. Ambrose anamnong'oneza. Tindall anatikisa kichwa, anamsihi, anamvuta kule kule. Ambrose kachomoa mkono wake.
Anakuja huku, mlango wa Ndiyo. Peke yake, vidole vikipapasa migongo ya viti. Hajajikwaa hata mara moja. Kumbe Posta ilikuwa bei yake.
Zimebaki hatua chache. Nikimwita atanisikia, na sisi hapa juu hatuna ruhusa hata ya kukohoa.