Niliyedaka ni Mimi, Uliyeitwa ni Wewe

Projestus, ndugu yangu,

Nina wivu na wewe. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka na mpira.

Jumamosi kata yetu ya Bweranyange iliwapa heshima wanamichezo wake. Kocha wetu, Mwalimu Felisiani, alipewa cheti na beberu, akalia mbele ya watu. Yule mama aliyefundisha netiboli tangu sisi tukiwa darasa la pili alivishwa kitenge. Halafu ikafika zamu yako. Picha yako kubwa, ile uliyoruka ukawa kama umelala hewani, ilizungushwa uwanja mzima watu wakiwa wamesimama. Unajua aliyeibeba? Mimi. Mwalimu alisema, "Golikipa ambebe golikipa," na watu wakaona ni jambo zuri. Niliishika kifuani, ikanifunika mpaka puani.

Miaka saba nilikaa benchi kwa ajili yako. Kila mechi nilipasha misuli, nikavaa glovu, nikakaa. Wewe ulikuwa huumii, huchelewi, huna hata msiba wa mjomba. Mara moja tu nilikuomba uniachie mechi, ya kirafiki tu, kwa kuwa mchumba wangu alikuwa anakuja kutazama. Ulicheka, ukasema, "Anatori, golini hapaachiwi mtu." Kisha ukanikatia nusu ya hindi lako la kuchoma, kana kwamba yamekwisha. Na kweli yakaisha, kwa sababu nilikupenda. Hilo ndilo lililonichosha. Ungekuwa mtu mbaya ningepumzika.

Sasa nikuambie ambalo sijaungama hata kwa padri. Siku walipokuja kusema homa imekuzidi, umepelekwa hospitali, nilikuwa shambani napunguza majani makavu ya migomba. Kitu cha kwanza kilichonijia ni hiki: Jumapili nitadaka. Nilifurahi, Projestus. Muda wa kuvuta pumzi moja tu, lakini nilifurahi. Siku ya nne ukafa. Nilichimba kaburi lako pamoja na wenzetu, watu wakanipa pole nyingi kuliko walizowapa ndugu zako. Na mimi nikazipokea.

Basi, baada ya vyeti tukacheza na Nyakatuntu. Mechi ya kukuenzi, walisema. Tulikuwa mbele kwa bao moja, dakika za mwisho, beki wetu akamwangusha mtu ndani ya boksi. Penalti. Mpigaji alikuwa yule mrefu wa mguu wa kushoto, ambaye aliwahi kukufunga hata wewe. Sikumtazama macho, nilimtazama nyonga. Hilo hukunifundisha wewe. Nilijifunza mwenyewe pale benchi, kwa kutazama, maana kazi yangu ilikuwa kutazama. Nikaruka. Mpira ukanigonga viganjani, nikaulalia kwenye vumbi.

Uwanja ukalipuka. Unajua waliita nini?

"Projestus! Projestus!"

Wazee, watoto, hata wenzetu walionirukia mgongoni. Mwalimu naye, kamba ya beberu mkononi, alikuwa anapaza jina lako. Pale chini nilitamani kuuachia mpira uingie.

Kipenga cha mwisho kilipolia sikungoja kombe. Nilikatiza kwenye mibuni na jezi yangu mwilini, nikafika nyumbani, nikamwambia mke wangu tumefungwa.

Kesho yake, baada ya misa, mama yako akaja. Nilimwamkia shikamoo bila kumtazama. Nilidhani amekuja kuuliza kwa nini nilikimbia sherehe ya mwanawe. Alikataa kiti, akakaa mkekani na mke wangu, akauliza habari za maharage yetu. Kisha akanigeukia.

"Jana walimwita mwanangu," alisema. "Nikasimama, Anatori. Mwili ulisahau kwamba amekufa. Halafu nikakuona wewe umelalia mpira. Nikaita jina lako. Niliita peke yangu, na sauti yangu ndogo. Hukusikia?"

Sikusikia. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, nikalia kilio ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka. Niliporudi nilimweleza yote, hata ile furaha yangu ya kwenye migomba. Mke wangu akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Mtu aliyekaa benchi miaka saba," mama yako akasema mwishowe, "angewaza nini kingine?"

Aliomba maji, akanywa, nikamsindikiza mpaka njia panda.

Nisikudanganye, wivu haujaisha. Picha yako imetundikwa ofisi ya kata, yangu haipo, na sidhani kama itakuwepo. Lakini lala salama, ndugu yangu. Kaburi lako nitalipalilia mimi, na kahawa ya mama yako nitaichuma kabla ya yangu. Hilo nakuahidi, na safari hii bila kufurahia chochote chako.

Isipokuwa hiki kimoja. Jumapili ijayo Songambele wanakuja kwetu. Nimemwomba mama yako akae nyuma kabisa ya goli langu, nipate kumsikia. Amekubali.

Sasa ni zamu yako kuona wivu.

Anatori