Tata, Nimeng'oa Misumari ya Bulamatari

Tata,

Ni miezi kumi na minne tangu tukuzike, na leo ndiyo mara ya kwanza nakuandikia. Si kwamba nilikusahau. Nilikuwa na aibu. Sasa aibu imepungua, na kesho asubuhi nimeitwa kwa Bulamatari, kwa bwana mkubwa wa serikali mwenyewe, nikajibu kwa nini mwanao, karani wa reli, ameng'oa misumari ya serikali.

Nianze na daraja letu, lile la kijito, kati ya kambi ya reli na mashamba ya mihogo. Uliliongoza miaka yote: kila nyumba na ubao wake, uliofungwa kwa kamba. Ubao wetu ni wa saba. Ubao ukioza, kambi nzima inajua ni wa nani, na mke wa mwenye ubao anaulizwa bombani mbele ya wenzake. Ulikuwa ukicheka: "Haya njo polisi ya kwetu."

Ulipofariki, bwana mkubwa alikuja kusema serikali italichukua daraja. Watu wakanitazama mimi, maana nilikuwa nimekalia kiti chako. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka, Tata, matanga yako hayajaisha, na nikawaza: wana mbao, wana watu wa kulipwa, sisi tuvunje migongo ya nini? Wakakata kamba zetu zote, wakapigilia misumari, wakapaka rangi nzuri, wakasimamisha kibao: ni marufuku kugusa.

Nami zamani nilitaka misumari. Unakumbuka? Ulikataa: "Bazee bafunga na kamba. Uliza kwanza sababu, kiisha ubaite bajinga." Nikaona ni ubishi tu wa mzee. Mvua za Januari zilipokuja, kijito kikafura. Kamba ingelegea, ubao ungeinuka na maji, na asubuhi tungeurudisha mahali pake. Msumari haulegei. Ubao wa saba ulipasuka katikati. Wetu, Tata.

Nikafanya nini? Nikaandika barua. Unajua mwandiko wangu, ulivyokuwa ukiuonyesha kwa wageni. Jibu likaja: imepokelewa. Wiki tatu tukawa tunaruka shimo, kila mtu akisema, "Ile ni ya Bulamatari." Mimi nililiruka mara mbili kwa siku, viatu vyangu vikiwa safi.

Siku ya Alhamisi, Mama Monga, yule aliyekuja na mama kutoka Mulongo wakiwa wasichana, alirudi shambani na kikapu cha mihogo kichwani. Mwenye kikapu haoni miguu yake. Alitumbukia shimoni, mfupa wa mguu ukavunjika mahali pawili. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali, tukizama matopeni. Hakulia. Alinishika mkono tu, akauliza, "Weye uliona ile shimo?" Nikasema niliona. "Na ulipita tu?"

Nilipita tu, Tata. Kwanza kulitoa daraja lako, kisha kulipita lile shimo: hayo ndiyo yaliyonifunga mkono nisikuandikie.

Nikamkumbuka yule Mmarekani wa misheni, uliyekuwa ukipasua mbao naye, yeye ncha hii ya msumeno, wewe ncha ile. Alikueleza jinsi wazee wa kwao walivyofikiri: ya nyumba yafanywe na nyumba, ya kanisa na kanisa, ya mtaa na mtaa, na serikali ichukue yanayobaki, maana ikichukua yote, watu husahau kazi ya mikono yao wenyewe. Ulirudi nyumbani umefurahi, ukatueleza kwa lugha ya reli: "Muntu wa bendera anasimamisha treni zisigongane. Haiko yeye anaendesha." Lakini wewe si mtu wa kumeza bila kutafuna. Ulimuuliza, "Na bantu beusi ya kwenu, ile serikali kidogo inabalinda?" Msumeno ukasimama. Kesho yake alikuja akakiri kwamba hapana, na kwamba ni aibu yao. Ulimheshimu zaidi kwa hilo. Ukatuambia wazo ni zuri, ila wenyewe hawajalimaliza.

Wala hukuichukia serikali. Hakimu ulimtaka, na sindano ya ndui uliipangia foleni wa kwanza. "Bafanye ile hatuwezi," ulisema. Daraja tunaliweza.

Basi Jumamosi nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nilisema wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Wanawake wakasokota kamba za magome, fundi wa breki akaleta mtaimbo, tukang'oa misumari mchana kweupe, bila kujificha. Ubao mpya wa saba nimeuchonga mimi, na fundo ni lile ulilonifundisha, ingawa vidole vya karani vimelainika na viliniuma. Jioni watu walikuwa wanavuka. Jumatatu karatasi ya kuitwa ikafika.

Naogopa, sikufichi. Nyumba ni ya kazi. Kazi ikienda, mama na watoto wangu watatoka siku hiyohiyo. Jirani mmoja alinishauri niseme mafuriko ndiyo yaliyong'oa. Nilimwambia mama. Akaendelea kutwanga, kisha akasema, "Enda. Minyi niliolewa na mubishi, nikazaa mubishi, nitashangala nini?"

Kesho nitavaa koti lako. Bwana mkubwa akiuliza nani aliyeng'oa, nitataja jina langu kwanza, kabla hajamtaja mwingine. Nitamwambia pia kazi yake iko wapi: barabara ya hospitali, ambayo sisi hatuna mashine wala mawe ya kuitengeneza, na Mama Monga amelihesabu kila shimo lake kwa mfupa wake. Aniadhibu akitaka, lakini aisikie.

Lala salama, Tata. Ninakuahidi: hata wakinihamisha mbali hadi Luena, hata wakinitupa nje, ubao wa saba utakuwa na mtu wake, na mtu huyo atakuwa wa nyumba yako. Misumari nimeikusanya yote, nikainyoosha mmoja mmoja, imo ndani ya kopo hapa mezani. Ni mali ya serikali, kesho nitamrudishia bwana mkubwa. Daraja simrudishii.

Mwanao,
Ilunga